Nyongeza ya Msaidizi

Mwaka 2018, mvua za Septemba zilipoanza kulainisha udongo wa Masisi na kila nyumba ikatoa mbegu zake za maharagi, mimi nilikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, na nilikuwa ninaingia darasa la sita la sekondari. Nayataja mambo hayo mawili pamoja kwa sababu ndivyo nilivyojitambulisha siku hizo kwa yeyote aliyeniuliza. Niliingia shule nikiwa na miaka thelathini na mmoja, sijui kusoma hata jina langu. Nilikaa miaka mitatu katika darasa la watu waliochelewa, kisha mitano ya sekondari pamoja na vijana waliolingana na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuolewa Walikale. Ulikuwa umebaki mwaka mmoja, na baada yake mtihani wa Leta, yaani wa Serikali, ambao ndio unaompa mtu diploma. Jumatatu tarehe 3 Septemba nilikaa kwenye benchi la mbele nikiwa na blauzi nyeupe na sketi ya buluu kama wanafunzi wengine. Sikukaa hapo hata wiki mbili.

Marehemu mume wangu alikuwa askari wa Serikali. Mguu wake wa kulia aliupoteza mwaka 2014 kwenye njia ya Omate, huko Walikale, alipokuwa na kikosi kilichotumwa kulinda njia ya machimbo. Risasi ilivunja goti, wenzake wakambeba kwenye machela ya miti ndani ya msitu, na hadi walipomfikisha hospitalini, daktari hakuwa na la kufanya ila kukata juu ya goti. Kwao ni Ntoto, ndani kabisa ya msitu, na huko ndiko tulikokuwa na nyumba yetu. Lakini njia za Ntoto zinavuka mito kwa magogo, na mtu anayetembea kwa magongo, ambayo sisi huyaita bekiye, hawezi kupita juu ya gogo lililolowa. Alijaribu mara moja, akavutwa kutoka majini kwa kamba kama mbuzi. Baada ya hapo hakutaka tena kuzungumza juu ya mito. Mwaka 2015 tukahamia Muheto, katika lupangu la mama yangu mzazi, ambalo ni shamba na nyumba mbili juu ya mteremko.

Mwanamume kuishi kwa wakwe zake ni jambo zito popote. Kwetu ni zito zaidi, kwa sababu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani. Hawali pamoja, hawapeani mkono, mama mkwe halitamki jina la mkwe, na wakikutana njiani mmoja hugeuka kando mpaka mwenzake apite. Hiyo si chuki. Ni heshima, na mama yangu aliitunza kwa ukamilifu ambao wanawake wa siku hizi hawana tena. Nyumba yake ilikuwa juu, yetu ilikuwa chini, karibu na migomba. Sauti ya bekiye juu ya mawe ilimsaidia: akiisikia inapanda, aligeuka nyuma ya nyumba na kufunika kichwa kwa kikwembe, kitenge chake. Katika miaka mitatu ya kuishi umbali wa kutupa jiwe, sidhani kama aliwahi kumwona mume wangu chini ya kiuno.

Shambani bekiye hazikuwa na kazi. Mume wangu alikuwa amekata kipande cha tairi la lori, akakifunga kiunoni kwa kamba, na juu ya kipande hicho alikaa akipalilia maharagi. Alianzia chini ya mteremko, akirudi nyuma kuelekea juu, akijisukuma kwa mguu mmoja na kupalilia mbele yake. Kwa kuwa namna hiyo haina sauti, na asingependa mama mkwe amkute ghafla katika hali ile, alikuwa akipiga mluzi muda wote wa kazi. Watu wa Muheto walijua kwamba mluzi ukisikika, mama wa nyumba ya juu hashuki.

Alitaka kuondoka pale. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake kila asubuhi. Kulikuwa na kiwanja kidogo karibu na barabara, mahali pa tambarare, ambapo mtu wa mguu mmoja angeweza kuwa na mlango wake mwenyewe. Hakuwa na njia ya kukipata, ila moja: pensheni ya askari mlemavu.

Jumanne tarehe 11 Septemba tume ya madaktari wa askari wa zamani ilifika Masisi-Centre kupima ulemavu wao. Nilimsindikiza. Tulisubiri katika ukumbi uliojaa wanaume waliokosa kitu fulani, wakicheka kwa sauti kubwa kama watu waliotoka kazini pamoja. Mmoja wao, aliyekatwa chini ya goti, alimwambia mume wangu juu ya asilimia za ulemavu:

“Wewe uko tajiri, muzee. Goti yako yote bamekula. Mimi banganga baliniachia kagoti, sasa pursentaje yangu itakuwa ya mutoto.”

“Tubadilishane,” mume wangu akamjibu. “Nipe kagoti, chukua pursentaje.”

Ndani, daktari alipima kwa utepe kutoka nyonga hadi mwisho wa kisiki, akamtajia karani nambari. Kwa mguu uliokatwa mahali pale mume wangu alistahili asilimia sitini. Hilo halikuwa na ubishi; mguu usiokuwapo unaonekana na kila mtu. Kisha daktari akaeleza kwamba ipo nyongeza kwa yule asiyeweza kuishi bila mtu wa kumsaidia kila siku. Nyongeza hiyo inaitwa ya msaidizi, nayo inaifikisha pensheni mahali pengine kabisa, mahali pa kununua kiwanja.

“Nani iko inamusaidia?” akauliza.

“Ni mimi, bibi yake,” nikajibu.

“Kila siku?”

Nilitaka kujibu kwa ukweli, na ukweli ulikuwa mrefu. Wakati wa kiangazi mume wangu hakunihitaji kwa jambo lolote ila maji ya kuteka bondeni. Wakati wa mvua, ambao kwetu ni zaidi ya nusu ya mwaka, bekiye zilizama kwenye matope mpaka mkononi, na kutoka mlangoni hadi chooni nilimshika kiunoni kama mtoto anayejifunza kutembea. Nikasema:

“Kila siku mvua ikinyesha, dokteri.”

“Mama, kwa karatasi hii hakuna mvua. Ni kila siku ao hapana.”

“Kila siku,” akasema mume wangu, kabla sijafungua kinywa.

Hakunitazama. Karani akaandika. Nami nilielewa, nikiwa bado nimesimama pale na bekiye zake mkononi, kwamba neno hilo lilikuwa limenifunga mimi kuliko yeye. Karani, mzee mpole mwenye miwani, alituambia tulipokuwa tukitoka kwamba mkaguzi atafika nyumbani bila kutangaza siku, atazame kama msaidizi yupo kweli.

“Akikuta mama hayuko, nyongeza inaanguka,” akasema. “Na akikuta papa iko shambani, inaanguka mara mbili.”

Shule ilikuwa saa nzima ya kutembea kutoka Muheto. Tulipanda mteremko mpaka tukaiona nyumba. Ndipo mume wangu aliposema, “Ni kwa muda kidogo tu.” Nikamjibu kwamba muda kidogo una tarehe, nikamwuliza huu una tarehe gani. Siku iliyofuata nilitia blauzi na sketi sandukuni, nikamwandikia mkuu wa shule kwamba nitachelewa siku chache.

Tangu hapo tulikuwa wafungwa wawili wa mguu ambao haukuwapo. Mume wangu alikitundika kipande cha tairi nyuma ya mlango. Alikaa kwenye kiti uani, mchana kutwa, huku msimu wa kupanda ukipita mbele ya macho yake. Mimi nilikaa umbali wa hatua chache, nikichambua sombe, majani ya muhogo, ambayo ilikuwa imekwisha kuchambuliwa. Kila pikipiki iliyosikika barabarani chini ilitufanya tushike nafasi zetu: yeye aliacha kikapu alichokuwa akisuka na kulegeza mabega, mimi nilichukua beseni la maji. Pikipiki ilipita ikiwa na makala, yaani makaa, au na kuku. Tukarudi tulivyokuwa. Mwanzoni tulicheka. Kufikia Novemba hatukucheka tena, wala hatukuwa tukitazamana wakati wa kushika nafasi hizo.

Majirani hawakukosa la kusema. Kulikuwa na mama mmoja mwenye ulimi, ambaye shamba lake lilipakana na letu, naye alipita kila asubuhi na jembe begani.

“Mama mwanafunzi, masomo imeisha?” alikuwa akiniuliza. “Ao bwana yako njo amekuwa ekole, shule yako?”

“Pita salama, dada.”

“Napita. Lakini ungemufunga kamba, hivi asikimbie.”

Mume wangu alimjibu kutoka kitini: “Dada, nikikimbia, wewe njo utakuwa wa kwanza kuitwa kushuhudia.” Yule mama alicheka mpaka akashika kiuno, akaenda zake. Mume wangu pia alicheka. Kisha uso wake ukarudi kama mlango unavyojifunga wenyewe.

Maharagi alipanda mama yangu. Hakuniuliza kwa nini sishuki shambani, kwa kuwa swali hilo lingemgusa mkwe wake, na kuhusu mkwe wake hakuuliza kitu. Alipanda peke yake, akiwa na miaka sabini na moja, akapalilia mara ya kwanza na ya pili, akavuna mwezi wa Desemba. Mwezi wa Februari akaanza tena na mbegu za msimu wa pili. Nilimwona kutoka uani, mgongo wake ukipanda mteremko mstari baada ya mstari, na sikuweza kwenda. Mara moja niliinuka. Mume wangu akasema kwa sauti ya chini, “Leo njo mukaguzi atakuja,” nami nikaketi. Alikuwa akisema hivyo kila nilipoinuka, na kila mara niliamini kwa kadiri ya kutosha kuketi.

Jumatano tarehe 30 Januari 2019 mkuu wa shule aliniletea habari kwa mdomo wa mwalimu mmoja aliyepita Muheto: majina ya watahiniwa wa mtihani wa Leta yalikuwa yamepelekwa, na langu halikuwamo. Mwalimu alikuwa kijana mwenye adabu. Alisimama kando ya migomba akijaribu kutomtazama mume wangu.

“Mama, tulikungoja. Umri si kitu. Mwaka ujao utarudi tu.”

“Mwalimu,” nikamwambia, “nashukuru. Waambie wenzangu wa benchi la mbele wasiweke mtu mahali pangu.”

Alipoondoka, mume wangu aliokota kikapu chake, akakiweka tena chini. Kisha akasema angeweza kumwambia karani kwamba alikosea, kwamba si kila siku. Nilijua hawezi. Askari aliyesema kitu mbele ya tume halafu akarudi kukikanusha huonekana mwongo, na wangeweza kutilia shaka hata zile sitini. Nikamwambia anyamaze. Usiku ule nililala nikiwa nimegeukia ukuta, na asubuhi nikachukua beseni.

Mkaguzi alikuja Ijumaa tarehe 15 Machi 2019, katika mvua kubwa iliyoanza alfajiri. Hatukuisikia pikipiki yake; alikuwa ameiacha barabarani kwa sababu ya matope, akapanda kwa miguu. Kwa hiyo hakukuta nafasi yoyote tuliyoiandaa. Alitukuta kati ya choo na nyumba, mume wangu akiwa ameniegemea kwa uzito wake wote, sisi sote wawili matope hadi magotini, bekiye moja ikiwa imekwama nyuma yetu. Alisimama akatazama. Akaja akaivuta ile bekiye mwenyewe, akaifuta kwa jani la mgomba.

Ndani alikuwa mtu wa haki. Aliuliza, nikajibu; alimwuliza mume wangu, akajibu. Aliona kitanda, maji, ndoo. Akasema ameona vya kutosha, na kwamba limebaki jambo moja tu: neno la mtu mzima wa lupangu hili ambaye si mume wala si mke.

Nikasema, “Kuko mama yangu tu. Na yeye ni mama mukwe wake.”

“Basi muzuri. Mama mukwe anajua yote.”

Mkaguzi hakuwa mtu wa kwetu. Nilijaribu kumweleza, naye akaniambia kwa upole kwamba si ruhusa mimi kumfundisha shahidi la kusema. Akatoka hadi barazani, akaniomba nimwite. Mama alishuka. Hakuingia uani. Alisimama nyuma ya pembe ya nyumba, mahali ambapo hawezi kuona mlango, akajifunika kikwembe mpaka machoni. Mazungumzo yote yalipita kwenye pembe ile. Mume wangu alikuwa ndani, nyuma ya ukuta wa udongo, akisikia kila neno.

“Mama, jambo,” akasema mkaguzi. “Huyu mukwe wako, anakosa nini?”

“Mukwe yangu hakosi kitu,” akajibu mama.

“Nauliza juu ya mwili. Miguu yake.”

“Mimi sihesabu miguu ya mukwe.”

“Anaweza kujiogesha mwenyewe?”

Nilimwona mama akirudi nyuma hatua moja ndani ya mvua.

“Wewe ni mutoto wa nani,” akauliza, “unaniuliza mambo ya kuoga ya mukwe?”

Mkaguzi akaomba radhi. Alikuwa amechanganyikiwa, na nadhani alitafuta swali ambalo mwanamke mzee angeweza kulijibu bila aibu.

“Basi niambie hivi tu, mama. Analima?”

Hapo mama aliinua kichwa. Sauti yake, ambayo hadi wakati huo ilikuwa ya chini, ilitoka wazi, kama ya mtu anayezungumza kwenye mkutano wa harusi.

“Analima. Unaona maharagi ile, toka huku mupaka kule kwa mupaka? Yote ni kazi ya mukono wake. Mimi niko muzee, ningeweza wapi? Kama si mukwe yangu, lupangu hili lingekuwa majani. Andika vile.”

Mkaguzi akaandika. Aliutazama mteremko, mistari ya maharagi iliyonyooka chini ya mvua, kisha akanitazama mimi, bila hasira, akaenda zake.

Nilimfuata mama hadi nyumbani kwake.

“Mama, sababu gani umesema vile? Maharagi umelima wewe.”

“Ulitaka niseme nini?” Alikuwa akikamua kikwembe chake. “Mugeni ametoka kwa Leta, anasimama mu lupangu yangu, anauliza kama mukwe yangu anafaa. Mimi nimuambie hafai?”

“Ungesema ukweli tu.”

“Ukweli gani? Miaka tatu nasikia mutu anapiga mluzi mu shamba yangu tangu asubuhi. Huyo si kulima?” Kisha akaongeza, taratibu, “Amesikia?”

“Amesikia yote.”

“Basi,” akasema mama, akaanza kuwasha moto.

Niliporudi chini nilimkuta mume wangu amekaa kitandani, matope yakiwa bado hayajakauka. Nilikuwa nimejiandaa kukuta hasira. Hakuwa nayo. Aliniuliza kama mama mkwe alikuwa ametaja hata mpaka wa shamba, kana kwamba hakusikia vizuri. Nikamwambia ndiyo, ametaja mpaka. Akatikisa kichwa. Katika miaka yote ile katika lupangu la wakwe, hilo lilikuwa neno la kwanza mama yangu kulisema juu yake mbele ya mtu wa nje. Mimi nilikuwa na hasira kwa ajili yetu wote watatu, na sikujua niielekeze kwa nani.

Barua ya kutuita ilifika mwezi wa Juni. Alhamisi tarehe 20 Juni 2019, katika kiangazi, mume wangu alitembea mwenyewe hadi barabarani, na pikipiki ikatupeleka Masisi-Centre. Karani yule mwenye miwani alisoma uamuzi akiwa amesimama: ulemavu wa kudumu wa asilimia sitini kwa mguu wa kulia uliokatwa juu ya goti; nyongeza ya msaidizi imekataliwa, kwa kuwa mhusika analima shamba kwa mikono yake, kama alivyoshuhudia mtu mzima wa nyumba hiyo.

Aliketi, akasogeza miwani.

“Papa, unaweza kukataa. Ni haki yako. Munamuleta yule mama muzee hapa mbele ya watu watatu, anasema tena vizuri: kama mukwe wake ana mguu moja, kama anaweza kuoga, kama alilima ao hakulima. Halafu enkete inaanza upya, mukaguzi anarudi tena nyumbani. Itachukua mwaka, labda zaidi.”

Niliuhesabu mwaka ule bila kutaka: kiti uani, beseni, pikipiki za makala, benchi la mbele. Nilimwona pia mama yangu amesimama katika ofisi ile, mbele ya wanaume watatu, akitafuta pembe ya nyumba ya kujificha nyuma yake na asiipate. Na nilikiona kiwanja cha tambarare karibu na barabara, ambacho baada ya siku hiyo hakingekuwa chetu. Mara ile ya kwanza nilikuwa nimejibu kwanza, naye akalifunika jibu langu. Nilitaka safari hii aseme yeye, na alibebe.

Lakini mume wangu alinigeukia. Alinitazama, jambo alilokataa kulifanya mwezi wa Septemba.

“Ni wewe njo ulifungwa,” akasema. “Sema wewe.”

Karani alisubiri, kalamu mkononi.

“Mama yangu hatakuja hapa,” nikasema. “Alishasema. Mume wangu analima, na mimi nasoma.”

“Kwa hiyo munakubali?”

“Tunakubali.”

Mume wangu akatia saini mahali palipoonyeshwa. Karani akapiga muhuri, akapuliza wino ukauke, akatupa nakala yetu.